Vigae vya Warumi: Vinasema Nini?

Na mwalimu mstaafu wa chuo cha ualimu



Mhariri ameomba somo la historia litakalofaa kusomwa nyumbani na hata kujadiliwa katika vikundi vyetu baada ya ibada. Nimechagua jambo dogo kabisa, nalo ni kigae. Sisemi kigae cha kuezekea nyumba, bali kipande cha chungu kilichovunjika, kama kile alichojikunia Ayubu alipokuwa ameketi majivuni. Kila mwenye shamba amewahi kukigonga kwa jembe lake akakitupa kando. Nataka kuonyesha kwamba watu wenye subira wameweza kusoma habari nyingi katika vipande vya namna hiyo, na kwamba watu wenye haraka wamesoma humo habari ambazo hazimo. Mifano yangu mingi itatoka katika vyombo vya Warumi, kwa sababu katika Dola yao vyombo vilifinyangwa kwa wingi usio na kifani, na vimeokotwa tangu Uingereza mpaka India.

Kwanza tujiulize kwa nini ni udongo unaobaki. Mti huoza, nguo huliwa na mchwa, chuma huliwa na kutu, fedha na shaba huyeyushwa zikafanywa kitu kingine. Lakini udongo ukishachomwa vizuri motoni haurudi tena kuwa udongo laini. Chungu huvunjika upesi, ila vipande vyake havifi. Tena kigae hakina bei sokoni, kwa hiyo hakuna mwizi anayekitamani. Mjini Roma kipo kilima kizima, kiitwacho Monte Testaccio, chenye kimo cha kama meta 35, ambacho si kilima cha asili. Ni lundo la mitungi ya mafuta iliyovunjwa na kutupwa hapo baada ya kumiminwa, mingi yake ikiwa imetoka Hispania na mingine Afrika ya Kaskazini. Fikiri ni mafuta kiasi gani yaliyoliwa katika mji huo!

VYOMBO KATIKA NYAVU ZA WAVUVI

Sasa twende Uingereza, jimbo la Kent, mahali ambapo mto Thames unaingia baharini. Wasomaji wengi wanaijua Kent kwa ajili ya Canterbury, alikofika Augustino mwaka 597. Kaskazini ya Canterbury, ufukweni, uko mji wa Herne Bay, na kando yake ni Reculver, palipokuwa na ngome ya Warumi. Ndani ya kuta za ngome hiyo mfalme wa Kent alimpa kasisi mmoja kiwanja cha kujenga kanisa na nyumba ya watawa mwaka 669. Kanisa lenyewe lilibomolewa mwaka 1809, ila minara yake miwili iliachwa isimame kwa kuwa mabaharia waliitumia kama alama ya njia.

Kilomita chache kutoka ufuko huo, chini ya maji, kuna fungu la mchanga ambalo wavuvi waliliita Pudding Pan. Wavuvi wa chaza wa pande hizo walikuwa wakikokota nyavu zao nzito chini kabisa ya bahari, na pamoja na chaza walipandisha mabakuli na sahani nyekundu, ving'avu, vingi vikiwa vizima bila hata ufa. Hawakuwa na habari kuwa ni vitu vya Warumi. Wake zao walivitumia jikoni, na inasemekana kwamba jina la mahali lilitokana na jambo hilo, maana Waingereza wana chakula chao kiitwacho pudding, na chombo cha kukipikia ni hicho. Napenda kuwafikiria akina mama wale: kwa muda mrefu kabla mtaalamu yeyote hajavitazama vyombo hivyo, wao walikuwa wakiviosha kila siku, tena bila shaka walijua uzito wake na uimara wake kuliko yeyote aliyekuja baadaye kuandika vitabu.

Mwaka 1778 Bwana Thomas Pownall, aliyekuwa amepata kuwa gavana wa Massachusetts huko Amerika, alipeleka habari ya vyombo hivyo mbele ya chama cha wataalamu wa mambo ya kale mjini London. Alijiuliza kama tunavyopaswa kujiuliza: vimefikaje huko? Akakisia kwamba zamani palikuwa na kisiwa hapo, na katika kisiwa hicho palikuwa na kiwanda cha wafinyanzi wa Kirumi, kisha bahari ikakila kisiwa pamoja na kiwanda chake. Si wazo la kijinga, maana pwani ile kweli inaliwa na bahari, na hata ngome ya Reculver nusu yake imekwisha kumezwa. Lakini Edward Jacob, mtu wa mji wa Faversham ulio karibu, hakukubali. Yeye alisema ni shehena ya meli iliyozama.

Nani alisema kweli? Vyombo vyenyewe ndivyo vilivyotoa jibu, lakini haukuwa muda mfupi.

MUHURI WA MFINYANZI

Vyombo hivi vyekundu wataalamu wa Kiingereza huviita samiani, kwa jina la kisiwa cha Samos, ingawa havikutoka huko hata kidogo. Vilifinyangwa Galia, yaani Ufaransa ya leo. Kwanza kazi ilistawi kusini, mahali paitwapo La Graufesenque, karibu na mji wa Millau. Baadaye, katika karne ya 2, kusini kukafifia na Lezoux, katikati ya nchi, kukachukua nafasi ya kwanza. Mfinyanzi alitumia udongo mzuri uliochujwa. Chombo kikishakauka alikichovya katika maji mazito ya udongo laini kuliko ule wa kwanza, kisha kikaingia tanurini kwenye joto la karibu digrii 1,000 za sentigredi. Huko La Graufesenque moto na moshi vilipitishwa katika mabomba ya udongo ili visiguse vyombo. Ndipo rangi ikatoka nyekundu safi, yenye kung'aa kama iliyopakwa nta.

Wengine wakisikia neno mfinyanzi hufikiri bibi mmoja chini ya mwembe na vyungu vyake kumi. Hapa mambo yalikuwa mengine. Huko La Graufesenque vimepatikana vigae vya sahani vilivyokwaruzwa hesabu za tanuri: majina ya wafinyanzi, aina ya vyombo, na idadi yake, lugha ikiwa mchanganyiko wa Kilatini na Kigali. Mchomo mmoja wa tanuri uliweza kuwa na vyombo yapata 30,000. Kwa hiyo wafinyanzi wengi walichangia tanuri moja, na ilikuwa lazima kujua kipi ni cha nani. Kila mmoja alipiga muhuri wa jina lake katikati ya sahani au bakuli, na mara nyingi akaongeza herufi fupi za kusema „kimefanywa na fulani" au „karakana ya fulani".

Muhuri huo uliwekwa kwa ajili ya hesabu tu, wala mfinyanzi hakutufikiria sisi. Hata hivyo ndio uliotufungulia mlango. Mihuri ya vyombo vya Pudding Pan ni ya wafinyanzi ambao kazi zao na matanuri yao yanajulikana Lezoux. Udongo wake pia ni wa huko. Basi kisiwa chenye kiwanda kikaanguka, na hoja ya Jacob ikasimama: vyombo vilikuja kwa maji. Mwaka 1907 Reginald Smith wa Makumbusho ya British Museum alichapisha orodha na uchambuzi wa vyombo vilivyojulikana wakati wake, na katika miaka yetu hii mtaalamu Michael Walsh amevifuatilia upya katika makumbusho na nyumba za watu. Hesabu imepita vyombo 600. Tarehe ya shehena ile huwekwa katika robo ya mwisho ya karne ya 2, kati ya miaka ya 175 na 195 B.K., au karibu na hapo.

Mtu atauliza, chombo kisichoandikwa mwaka, mwaka wake umejulikanaje? Swali hili niliulizwa mara nyingi darasani, na ni swali zuri, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Njia ni kutafuta mahali ambapo mwaka unajulikana kwa njia nyingine, kisha kutazama vyombo gani vilikuwapo siku hiyo. Mji wa Pompeii, Italia, ulifunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79 B.K. Mwaka 1881, katika nyumba moja ya Pompeii, lilipatikana kasha la vyombo vipya kabisa, bado havijatumiwa: mabakuli 90 yaliyopambwa kutoka La Graufesenque na taa 37. Hapana shaka mabakuli hayo yalikuwa bidhaa mpya mwaka 79. Kwa hiyo ukiokota kigae chenye pambo kama hilo mahali pengine, unajua kiko karibu na mwaka huo. Vivyo hivyo mji wa Colchester nchini Uingereza uliteketezwa na malkia Boudica mwaka 60 au 61, na katika majivu yake zimepatikana sahani za dukani zilizoungua zikawa nyeusi. Ukuta wa Hadriani ulianza kujengwa mwaka 122. Ukuta mwingine, ulio kaskazini zaidi huko Skotlandi, ulianza yapata mwaka 142 na uliachwa baada ya miaka kama ishirini tu; wafinyanzi ambao vyombo vyao vimepatikana huko, kama Cinnamus wa Lezoux aliyekuwa hodari wa kutumia kalibu zenye picha za wanyama na watu, lazima kazi zao ziwe zilikuwa zikiuzwa katika miaka hiyo. Ni kama mtu anayekadiria umri wa babu yake asiye na cheti cha kuzaliwa: anauliza kama alikwisha kuoa wakati wa njaa ile, au kama alikwisha kwenda jandoni wakati reli inajengwa. Alama moja hukosea. Alama kumi zikikubaliana, unakaribia.

SHEHENA INATUAMBIA NINI ZAIDI

Vyombo vya Pudding Pan karibu vyote ni vya kawaida, visivyo na mapambo: sahani, mabakuli, vikombe. Havina mikwaruzo ya visu wala dalili ya kutumika, mbali na ile waliyoitia wavuvi na wake zao. Hii ni bidhaa, tena bidhaa ya watu wa kati, si zawadi ya mfalme. Lezoux haiko pwani. Iko ndani kabisa ya nchi, karibu na mto Allier unaoingia katika mto Loire unaokwenda Atlantiki. Mtu aliyekula katika sahani hiyo London alikuwa mwisho wa mnyororo mrefu wa wachimba udongo, wakata kuni, wafinyanzi, wapiga makasia, matajiri, manahodha na wachuuzi. Katika vitabu vya historia tunasoma majina ya makaisari na vita vyao. Mpiga makasia wa mto Loire hakuandikwa popote, na kama si sahani hizi tusingejua kuwa alikuwako.

Baadhi ya vyombo vina chaza na wanyama wadogo wa baharini waliojishikiza upande mmoja tu. Upande huo ndio uliokuwa wazi majini, na ule mwingine ulikuwa umezikwa katika tope, au umefunikwa na chombo chenzake. Kwa alama hizo inaonekana kwamba vingi vilikuwa bado vimepangwa kimoja ndani ya kingine, jinsi vilivyopakiwa.

Je, meli yenyewe iko wapi? Imetafutwa, wala haikupatikana. Hapa msomaji wa Matendo ya Mitume atakumbuka sura ya 27: katika tufani mabaharia waliitupa shehena baharini ili kuipunguzia meli uzito. Yawezekana hata nahodha huyu alifanya vivyo hivyo akaokoka, na Pudding Pan ikabaki na sahani bila meli. Yawezekana pia mbao zimeliwa na minyoo ya bahari, au ziko chini ya mchanga hatua chache tu kutoka pale watu walipotafuta. Sababu kubwa ya kutojua ni hii: kwa zaidi ya miaka mia mbili wavuvi walipandisha vyombo, wakavitia jikoni au wakaviuza, na ni vichache sana ambavyo mtu aliandika kwamba kimetoka mahali gani hasa. Chombo kipo, kinang'aa katika kabati la makumbusho. Habari yake ya mahali imepotea, na haiwezi kurudishwa kwa fedha yoyote. Nitarudia jambo hili mwishoni kwa sababu linatuhusu.

Kabla ya kuiacha Uingereza nitaje mambo mawili madogo ninayoyapenda kuliko mihuri. Vyombo vingi vya samiani vilivyopatikana makambini na vijijini vimekwaruzwa chini ya kitako jina la mwenyewe. Askari waliishi wengi chumba kimoja, na kila mtu alitaka bakuli lake lisipotee. Waliosoma shule za bweni wanaelewa! La pili, baadhi ya vyombo vilivyovunjika vilitobolewa matundu na kushonwa kwa vibanio vya risasi. Bakuli la samiani lililoshonwa hivyo halifai tena kutiwa mchuzi mwepesi, lakini lilikuwa zuri mno kutupwa. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba vyombo hivi vilikuwa vingi na rahisi, tukumbuke kuwa kulikuwa na nyumba ambamo kimoja tu kilikuwa fahari ya familia. Hapo tena tarehe huleta taabu: bakuli lililopendwa laweza kuishi miaka hamsini baada ya mfinyanzi wake kufa.

TUSIKIPE KIGAE MANENO YETU

Sasa upande wa pili wa somo. Chombo cha Kirumi si Mrumi. Chombo hutembea, huuzwa, huibwa, hupewa kama zawadi, hutupwa majini na baharia, na katika siku za karibu hununuliwa na watalii kikapelekwa mbali na kwao.

Katika ghuba ya Guanabara, penye mji wa Rio de Janeiro, Brazili, ilipatikana mitungi ya masikio mawili ya namna ya Warumi. Mwaka 1982 mpiga mbizi mmoja wa Marekani alitangaza kwamba ni ushahidi wa meli ya Kirumi iliyovuka Atlantiki miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Columbus. Magazeti yalifurahi. Kisha akajitokeza mfanyabiashara wa huko huko akasema kwamba aliwahi kufanyiza mitungi ya mfano huo na kuizamisha baharini kwa makusudi, ili ipate kushikwa na viumbe vya bahari na kuonekana ya kale, akapambe nyumba yake. Mabishano yakachanganyika na hasira na siasa, na mpaka leo hakuna ushahidi wa kutegemewa wa meli ile. Mimi nasema, hata kama mtungi mmoja ungekuwa wa Kirumi kweli, bado haungetosha. Meli ina nanga, ballasti, misumari, taa ya mpishi. Mtungi peke yake ni shahidi aliyeona kitu kimoja tu.

Mfano wa pili unatugusa sisi Wakristo zaidi. Mwaka 1978 wachimbaji mjini Manchester walipata kigae cha mtungi wa aina hiyo hiyo, cha mwishoni mwa karne ya 2, kilichokwaruzwa herufi za maneno matano ya Kilatini: ROTAS, OPERA, TENET, AREPO, SATOR. Yakipangwa mraba, moja chini ya lingine, yanasomeka sawa kwa kwenda kulia, kushoto, juu na chini. Jaribuni nyumbani pamoja na watoto. Tena herufi zote 25 zikipangwa upya zinaweza kufanya maneno PATER NOSTER, yaani Baba Yetu, mara mbili kwa umbo la msalaba yakikutana kwenye herufi N, na zinabaki A mbili na O mbili, kama Alfa na Omega. Ukihesabu utaona zinatosha bila pungufu.

Mtu akiyaona hayo moyo unaruka. Je, hiki si kigae cha Mkristo wa Manchester, zaidi ya miaka mia nne kabla ya Augustino kufika Kent? Wako wataalamu waliosema ndiyo. Lakini mraba huo huo umepatikana umekwaruzwa Pompeii, na Pompeii ilikufa mwaka 79. Si rahisi kuamini kwamba wakati ule wa mapema Wakristo wa Italia walikwisha kutumia Alfa na Omega katika fumbo la Kilatini, wakati Kanisa huko liliomba kwa Kiyunani. Wengine kwa hiyo wanasema ni mchezo wa maneno tu, ambao Wakristo waliupokea baadaye. Kwangu mimi, hoja ya Pompeii ni nzito, nami nisingesimama kanisani kuwaambia waumini kwamba kigae cha Manchester ni cha Mkristo. Tuna ushahidi ulio bora: maaskofu watatu kutoka Uingereza walihudhuria Mtaguso wa Arles mwaka 314. Imani haihitaji kuegemezwa juu ya kigae kinachotikisika, na anayeiegemeza hapo anaikosea imani na kigae pia.

UPANDE WETU WA BAHARI

Wengine mtasema, Mwalimu, habari hizi ni za Wazungu. Basi tuvuke. Karibu na Pondicherry, pwani ya mashariki ya India, kuna mahali paitwapo Arikamedu. Watu wa hapo waliokota shanga na vitu vidogo mtoni kwa miaka mingi. Mwaka 1944 Mortimer Wheeler, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale ya India, alikuta katika kabati la makumbusho ya Madras kipande cha mtungi wa Kirumi kilichotoka huko. Mwaka 1945 akachimba, akapata vigae vya sahani nyekundu za Arezzo, Italia, ambazo ni kama mama wa samiani, zenye mihuri ya nusu ya kwanza ya karne ya 1. Kilichokuwa na faida kubwa si sahani zenyewe. Kando yake, katika tabaka lile lile la udongo, vilikuwapo vyombo vya Wahindi wenyewe ambavyo mpaka siku hiyo hakuna aliyejua umri wake. Sasa vikapata tarehe, na kwa vyombo hivyo miji mingine mingi ya kusini mwa India ikapata tarehe.

Wheeler aliita mahali pale kituo cha biashara cha Warumi. Uchimbaji uliofanywa tena kati ya 1989 na 1992 umeonyesha kwamba watu wa Arikamedu walikuwa wakiishi na kufanya biashara kabla ya sahani ya kwanza ya Italia kufika. Mji ulikuwa wao. Sahani zilikuja wageni. Waliozileta walipanda kusi kutoka Bahari ya Shamu na kurudi kwa kaskazi, pepo zile zile wanazozijua manahodha wetu.

Na kwetu? Kuna kitabu kidogo cha Kiyunani cha karne ya 1, kiitwacho Periplo ya Bahari ya Eritrea, kinachoeleza pwani ya Azania mpaka mji wa Rhapta. Mwandishi anasema Waarabu wa Muza, huko Yemeni, walituma manahodha waliojua pwani na lugha yake, na ambao walikuwa wameoa huku. Walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Divai na ngano vililetwa ili kupata urafiki wa wenyeji tu, si kwa kuuza. Walichukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Rhapta ilikuwa wapi, wataalamu hawajakubaliana. Huko Ras Hafun, Somalia, vigae vya vyombo kutoka Misri ya Kirumi na nchi za Ghuba vilikusanywa mwaka 1975. Huko Unguja Ukuu, Zanzibar, wachimbaji wameripoti vigae vichache vya vyombo vyekundu vya nchi za Mediterania, vya karne ya 5 au ya 6. Ni vichache sana kando ya maelfu ya vigae vya vyungu vya wenyeji wa hapo. Je, Warumi waliishi Unguja? Kigae hakisemi hivyo. Kinasema kwamba watu wa Unguja Ukuu walikuwa na wenzao wa biashara, nao wenzao walikuwa na wenzao, mpaka Misri na mbele yake. Kusema hivyo ni kuwapa wazee wetu heshima kubwa kuliko kuwatafutia wageni wa kuwajengea mji.

Hapa lazima niseme neno kuhusu tabia moja. Nilipokuwa nikiwapeleka wanafunzi wa ualimu kwenye magofu ya Tongoni, karibu na Tanga, kila mara wachache walirudi na vigae mfukoni, hasa vile vya Kichina vyenye rangi ya kuvutia, na vyungu vyeusi vya kwetu waliviacha. Walipofika bwenini hakuna aliyeweza kusema alikiokota upande gani wa kaburi au wa ukuta. Yale yale ya Pudding Pan. Tena kile cheusi walichokidharau ndicho kinachoeleza nani aliishi hapo na alipika nini.

Basi ukichimba msingi, choo au kisima, au ukilima shamba, ukaona vigae vingi mahali pamoja, fanya hivi. Acha kuchimba kidogo. Usivioshe kwa nguvu wala kuvigongesha kutazama kama vinavunjika. Andika ni mahali gani, kwa hatua kutoka mti au jengo linalojulikana, na ni kina gani, hata kama ni kwa kipimo cha jembe. Piga picha kwa simu vikiwa bado ardhini, na uweke kitu cha kuonyesha ukubwa, kama kalamu au sarafu. Usichague vizuri ukatupa vibaya. Kisha mpe taarifa mtendaji wa kijiji au ofisi ya utamaduni ya wilaya. Tanzania Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nayo inamtaka anayevumbua mabaki ya kale atoe taarifa. Usiuze, hata mgeni akikupa bei nzuri.

Wakati wa kuchimba msingi wa jengo lolote hapa parishi, naomba wazee wa kanisa wamweke kijana mmoja mwenye daftari akae na mafundi. Kalamu nitatoa mimi.